Tumaini Katika Dhiki

Dhiki ni mgeni asiyebisha hodi. Huingia katika nyumba ya tajiri kama iingiavyo katika nyumba ya maskini. Humkuta mcha Mungu katika sala na humkuta mwasi katika anasa, wala haimwulizi mmoja wao kama yu tayari kuipokea. Kwa sababu hiyo hapana haja ya kubishana kama dhiki ipo. Linalostahili kufikiriwa ni jinsi mtu awezavyo kuishi nayo bila ya kuwa jiwe na bila ya kujidanganya. Mkristo hujibu kwamba humtumaini Mungu. Jibu hilo ni fupi, nalo husemwa kila Jumapili toka Iringa hata Mbeya. Lakini jibu fupi si lazima liwe jepesi. Ni wajibu wa fikira kuuliza: asemaye hivyo asema nini hasa?

Lugha yenyewe yatoa mwanga. Kiswahili kina maneno matatu yanayokaa karibu karibu: tamaa, taraja na tumaini. Tamaa ni kutaka. Yaweza kuwa njema au mbaya, na mtu aliyeshindwa kabisa husemwa kuwa amekata tamaa, kana kwamba ni kamba iliyomfunga na uhai, naye ameikata. Taraja ni kungoja jambo ambalo dalili zake zimekwisha kuonekana: wingu limetanda, na mkulima ataraji mvua. Tumaini ni jambo la tatu. Mtu humtumaini mwingine, yaani humwegemea, hata pale ambapo dalili hazipo. Tamaa hutazama kitu, taraja hutazama dalili, na tumaini humtazama yule anayetumainiwa. Makosa mengi juu ya imani hutokana na kuyachanganya haya matatu. Mtu hutamani mali, akaiita tamaa yake tumaini. Mali isipokuja, husema kwamba Mungu amemwacha. Kumbe aliyemwacha ni tamaa, na Mungu alikuwa hajaulizwa.

Historia ya Nyanda za Juu Kusini yatoa kipimo cha kulijaribu jambo hili. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian kutoka Ujerumani walifungua kituo chao Rungwe, na mwaka huo huo Waluteri wa Berlin walianza kazi katika nchi ya Wanyakyusa. Baadaye Waluteri walipanda hata Ubena na Uhehe, na mwishoni mwa karne ile Wakatoliki wa shirika la Mtakatifu Benedikto walifungua misheni ya Tosamaganga karibu na Iringa. Kwa miaka isiyozidi 25 shule zilijengwa, Maandiko yalianza kusomwa, na watu wengi walibatizwa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Tukuyu, na katika mwezi wa Agosti yalitwaa Iringa. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa wakapelekwa mbali. Makanisa yaliyokuwa yakiongozwa na wageni yakabaki bila ya viongozi hao kwa miaka mingi.

Msomaji na atazame hali ya waliobaki. Walikuwa walimu na wazee wa kanisa, si wachungaji waliowekewa mikono. Mishahara yao, iliyokuwa midogo tangu zamani, ilikatika. Vijana walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na katika vita ile ya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Vyakula vilitwaliwa na majeshi ya pande zote mbili. Mwaka 1918 jeshi la Wajerumani lilipita tena Ubena likielekea Rodesia ya Kaskazini, na vita vilipokwisha homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima ilifika na kuua waliosazwa na vita. Hapana aliyejua kama wamisionari wangerudi. Kwa hakika hawakurudi ila kuanzia mwaka 1925, Wajerumani waliporuhusiwa kuingia tena Tanganyika. Kanisa la Waskoti la Livingstonia, kutoka Nyasa, lilisaidia kutunza makundi ya kusini magharibi, na mwaka 1919 Wakonsolata wa Italia walifika Iringa. Lakini msaada huo ulikuwa haba kwa nchi kubwa namna ile.

Taraja, kwa maana iliyoelezwa juu, halikuwa na mahali pa kusimama katika miaka hiyo. Dalili zote zilionyesha kwamba kazi imekwisha. Hata hivyo walimu waliendelea kukusanya watu siku za Jumapili, kufundisha watoto kusoma, kuzuru wagonjwa na kuzika wafu. Wamisionari waliporudi hawakukuta magofu. Walikuta makanisa yaliyo hai, na katika mahali pengine makubwa kuliko walivyoyaacha. Yafaa kuangalia kwa makini jambo ambalo historia hiyo yathibitisha na jambo ambalo haithibitishi. Haithibitishi kwamba amtumainiye Mungu huokolewa na dhiki. Dhiki ile haikupunguzwa hata siku moja kwa ajili yao. Yathibitisha kwamba yako matumaini yasiyohitaji dalili ili yafanye kazi. Kwa watu wale kutumaini kulikuwa ni kupiga kengele Jumapili.

Hapa ndipo penye swali gumu, na si haki kulikwepa. Wanaosimulia habari za tumaini kwa kawaida ni wale waliopona. Mpagazi aliyekufa njiani alitumaini pia. Mama aliyezika watoto wawili katika homa ya mwaka 1918 aliomba pia. Ushuhuda wa waliopona haukamiliki mpaka waliokufa wakitumaini wakumbukwe. Ikiwa kumtumaini Mungu ni kuwa na hakika ya kuokolewa na msiba, basi wafu hao ama hawakuwa na imani, ama walidanganywa. Neno la kwanza ni kashfa juu ya wafu, na la pili ni kashfa juu ya Mungu. Mkristo asiyetaka kutamka kashfa yo yote katika hizo mbili hana budi kuiacha ile maana ya kwanza ya tumaini na kutafuta nyingine.

Swali hili si la zamani tu. Ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa mara ya kwanza Tanzania mwaka 1983 katika Kagera, lakini baadaye mzigo mkubwa kabisa uliangukia Nyanda za Juu Kusini. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa, uliokuwa bado na Njombe ndani yake, kiasi cha watu wazima 16 katika kila 100 walikuwa na virusi, na Mbeya kiasi cha 9, wakati wastani wa nchi ulikaribia 6. Nyuma ya hesabu hizo zilikuwapo nyumba ambazo bibi alibaki na wajukuu, na mashamba yaliyokosa mkono wa kulima. Katika nyumba hizo jina la Mungu lilitajwa kila siku, na namna mbili za kulitaja zilileta madhara.

Namna ya kwanza ilikuwa kusema kwamba ugonjwa ni adhabu. Msemaji wa neno hilo alijiona kuwa mtetezi wa haki ya Mungu, lakini alisahau kwamba rafiki zake Ayubu walisema vivyo hivyo, nao ndio waliokemewa mwishoni mwa kitabu. Namna ya pili ilikuwa kusema kwamba mwenye imani hahitaji dawa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, wakiwamo wagonjwa waliotoka mbali kabisa kusini. Na wako walioacha dawa za hospitali baada ya kunywa, wakidhoofika. Si vyema kuwacheka. Mtu aliyekaribia kaburi hushika jani. Lakini ni vyema kusema wazi kwamba kile walichokuwa nacho kilikuwa taraja lililojengwa juu ya dalili ya uongo, na kwamba taraja la namna hiyo linapovunjika huivunja imani pamoja nalo.

Dhidi ya namna hizo mbili ilikuwapo ya tatu, isiyopiga kelele. Katika hospitali za makanisa, kama vile Tosamaganga, Ilembula na Mbozi, na katika vikundi vya kina mama waliokwenda nyumba kwa nyumba na uji na sabuni, wagonjwa walioshwa, walilishwa na kuombewa. Na dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure katika mpango wa taifa mwaka 2004, watu hao hao waliwahimiza wagonjwa wazimeze bila ya kukosa. Sala na kidonge havikugombana katika mkono mmoja. Uchunguzi wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta bado watu 11 katika 100 Iringa na 9 katika 100 Mbeya; lakini sehemu ya hesabu hiyo ni watu ambao, kama si dawa na uangalizi, wangalikuwa makaburini. Wako hai, wanalima na kusomesha.

Mpinzani aweza kusema: ikiwa tumaini haliondoi msiba, na ikiwa kazi ya kuponya yafanywa na dawa na mikono ya watu, basi Mungu amebaki na kazi gani? Neno hili lina nguvu, wala halijibiwi kwa hasira. Wahenga wenyewe waliliacha katika mizani. Walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na tena walisema kwamba jitihada haiondoi kudura. Methali ya kwanza peke yake humfanya mtu ajivune anapofaulu na ajihukumu bure anaposhindwa. Methali ya pili peke yake humfanya akae kitako. Zikishikwa pamoja hufundisha kwamba mwanadamu anao wajibu wa kuinama, lakini hana amri juu ya kitakachopatikana mvunguni. Tumaini lakaa kati ya kuinama na kupata. Ndilo limwezeshalo mtu kuinama tena baada ya kutoa mkono mtupu.

Aidha, Mkristo hana haki ya kudai kwamba Mungu wake amekaa nje ya dhiki akiigawa kama posho. Kiini cha imani yake ni msalaba, yaani habari ya Mungu aliyeingia katika dhiki, akaomba aepushwe nayo, asiepushwe. Mwenye kuifuata habari hiyo hawezi kumwahidi jirani yake kwamba hatakufa. Awezalo kumwahidi ni kwamba hataachwa peke yake. Na ahadi hiyo, ili isiwe maneno matupu, humlazimu yeye mwenyewe aondoke kwake, aende akakae kando ya kitanda. Hapo tumaini hugeuka kutoka faraja ya moyoni likawa deni. Yule mama mwenye uji na sabuni ndiye jibu la mpinzani, si kwa sababu anathibitisha kwamba Mungu yupo, bali kwa sababu anaonyesha mtu wa namna gani hupatikana pale Mungu anapotumainiwa bila ya masharti.

Mkulima wa Isimani, katika ukame wa Iringa, hupanda mbegu ambayo watoto wake wangeweza kuila. Hufanya hivyo kila mwaka mvua za kwanza zinapoanguka, akijua kwamba iko miaka ambayo mvua hukatika mahindi yakiwa magotini. Hapana amwitaye mjinga, kwa maana asiyepanda amekwisha kuvuna njaa kabla ya wakati. Kumtumaini Mungu katika dhiki kwafanana na kupanda huko. Mwenye kutumaini hapewi hakika ya mavuno; hupewa nguvu ya kufungua kiganja juu ya udongo. Na mavuno yakikosekana, kipimo cha tumaini lake kitakuwa hiki: je, siku ile ya njaa alikumbuka kuchungulia ghala la jirani, kuona kama nalo ni tupu?