Jina la Jirani

Hapa Ngara watu husema "nimenunua domeni," nami huwaacha waseme, ingawa kuwasajilia hayo majina ndiyo kazi yangu. Jina la tovuti halinunuliwi. Unalikodi mwaka baada ya mwaka, na ukisahau kulipa linarudi sokoni, mtu mwingine analichukua wala hakuombi radhi. Nalisema hili mapema kwa sababu linalonisumbua ni umiliki. Mtu akikodi majina kumi na kutumia moja, yale tisa anamnyima nani?

Mara nyingi hamnyimi mtu. Chukua mama mmoja anayeuza viatu si mbali na soko la Fig Tree. Jina lake liko kwenye bango na kwenye mifuko ya wateja. Nilimshauri achukue .co.ke, achukue .com, achukue na .ke tupu bila ile "co" katikati, ambayo ilifunguliwa 2017. Halafu lile jina lake likiwa limekosewa, maana wateja wetu huandika wanavyosikia: r na l hubadilishana viti, h hudondoka njiani. Yote yanaelekea ukurasa mmoja, na kila moja kwa mwaka halifikii bei ya jozi ya raba nzuri za mtumba. Huo ni ua wa kuzungushia nyumba yako. Sioni ubaya wake, ila wapo wauzaji wanaowatia watu hofu mpaka wanabeba majina ishirini. Kibanda hakihitaji majina ishirini, jamani.

Shida huanza ua unapovuka mpaka.

Sisi Wakenya ugonjwa huu tunaujua kwa upande wa ardhi. Mtu anashika ploti, anapanda mawe ya mpaka, majani yanaota, yeye anangoja barabara ifike bei ipande. Kwenye majina ni rahisi zaidi. Ukitaka .go.ke au .ac.ke utaulizwa karatasi. Ukitaka .co.ke, KeNIC, wanaosimamia .ke yote, wanafuata kanuni ya matatu: aliyefika kwanza anakaa dirishani. Mwenye alama ya biashara iliyosajiliwa anaweza kulalamika, na utaratibu wa usuluhishi upo. Lakini mwenye kibanda ana alama gani zaidi ya rangi ya ukuta?

Basi yule mama, tulipomaliza majina yake, akainamisha sauti. "Sasa nichukulie na la huyu wa pili." Jirani yake, mzee anayeuza viatu vilevile, wametengwa na ukuta wa mbao tu. "Yeye mambo ya mtandao hana habari nayo. Mtu akimtafuta, aje kwangu."

Nikamwambia, "Mama, hiyo siwezi."

"Kwa nini? Si liko wazi? Sijaiba, nitalipia. Na ukikataa wewe, kijana wa ghorofa ya juu hatakataa."

Hoja zake zote mbili ni za kweli. Jina lilikuwa wazi, na kijana wa juu kweli hangekataa. Hii ya pili hainisumbui sana, kwa kuwa kwa hesabu hiyo hakuna jambo ambalo mtu angelikataa hapa mjini. Ya kwanza ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nilipofika ni hapa. Ploti ipo hata kama hakuna mtu aliyewahi kuikanyaga. Jina la duka lisipotamkwa na watu, ni herufi tu. Lile la mzee limetengenezwa na miaka yake ya kupima miguu ya watoto kila shule zinapofunguliwa, na kurudisha pesa soli ikibanduka kabla ya wiki kuisha. Kwenye mtandao linaonekana tupu, huku barabarani limejaa. Tena wa kwanza kudanganywa si mzee, ni mteja aliyemtafuta mtu mmoja akajikuta kwa mwingine.

Usidhani basi nasema jina ni la mwenye sauti kubwa. Kule Marekani mtu aliyeitwa Uzi Nissan alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta. Kampuni ya magari ikamshtaki 1999, na kesi ikavutana miaka na miaka. Kwa umaarufu angeshindwa asubuhi: huku kwetu kila matatu ya abiria kumi na wanne iliitwa nissan, hata ikiwa Toyota. Lakini lilikuwa jina la ukoo wake, na alibaki nalo mpaka alipofariki 2020.

Yapo pia maneno ya wote. Disney walijisajilia "Hakuna Matata" Marekani kama alama ya biashara, wakaidhinishiwa 2003, na hadi leo ukilitaja hilo mbele ya Mswahili atakunja uso. Nami hukunja uso vivyo hivyo mtu akija kutaka neno "viatu" likiwa limeunganishwa na "Ngara." Atakayelitumia kila siku, sawa, nitamsajilia. Anayelitaka alifungie kabatini aje kutuuzia, aende kwingine. Wataalamu wetu wa lugha wameiita domeni "kikoa," na kwa wazee wa pwani kikoa ni chakula cha shirika, kila mtu anatoa kwa zamu yake na wote wanakula. Sidhani walikusudia hivyo, lakini mimi nimelipenda neno.

Yule mama hajarudi. Nikabaki na swali lililokuwa gumu kuliko la kwanza: nimwambie mzee? Siri ya mteja ni siri. Kwa upande mwingine, kwamba jina liko wazi si siri ya mtu, yeyote mwenye simu anaweza kuangalia. Wiki iliyofuata nikapita kwake, nikanunua kandambili nisizozihitaji, nikamwambia jina la duka lake halijachukuliwa na bei yake ni hii. Sikumtaja mtu.

Mzee akacheka. "Kijana wangu, mtu akinilipa kwa M-Pesa jina langu linatokea kwenye simu yake. Nataka lingine la nini?"

Nikamwachia namba yangu. Leo asubuhi nimeangalia, bado liko wazi.