Jina Lililobaki Daftarini

Mwezi wa Julai mwaka 2010, katika wilaya ya Adachi mjini Tokyo, wakuu wa serikali walitaka kumwona mzee aliyeandikwa kuwa ndiye mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wote jijini. Daftari lilisema ana miaka 111. Watu wa nyumba yake walijibu kwamba hataki kuonana na mtu. Polisi walipoingia walikuta mabaki ya maiti kitandani. Mzee alikuwa amefariki yapata mwaka 1978, na malipo ya pensheni yalikuwa yakiingia kwa jina lake baada ya kifo chake. Serikali ya Japani ilipopekua madaftari yake ya jamaa, ilikuta majina 234,354 ya watu waliotimiza miaka 100 na zaidi ambao anwani zao hazikujulikana. Kati yao 884 walikuwa, kwa hesabu ya karatasi, wametimiza miaka 150 au kuipita.

Mtu wa pwani akisikia habari kama hii hutikisa kichwa, akasema hayo ni ya huko. Kwetu maiti hailali ndani siku mbili. Jirani husikia kilio, jeneza hutolewa msikitini, na aliyefariki asubuhi aghalabu huwa keshazikwa kabla ya magharibi. Majigambo haya si ya bure. Lakini haraka hiyohiyo inayomsitiri maiti ndiyo inayoliacha jina lake nyuma, kwa kuwa kuosha, kusalia na kuzika hakumngoji karani. Cheti cha kifo hutafutwa baadaye, na hutafutwa zaidi pale penye mirathi: kiwanja, akiba ya benki, kiinua mgongo. Aliyeondoka bila ya kuacha kitu cha kugombewa, nani atapanda daladala kwenda kumfuta? Hufa kwa watu, na daftarini akabaki hai. Ajabu ya Tokyo ni mwili ulioachwa kitandani; sisi mwili tunauzika, tukaliacha jina likitembea.

Na jina linalotembea lina wenye kulituma. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania iliondoa zaidi ya majina 10,000 katika orodha za mishahara, yakiwamo ya watu waliokwisha kufa, na Kiswahili hakikukosa neno: wafanyakazi hewa. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuuliza kama alipata kuajiriwa. Jambo jema, na pamoja na wema wake, liliitwisha serikali kazi ya kujua, mwezi kwa mwezi, nani bado yu hai.

Hapo ndipo lilipo suala la maadili, nalo ni zito kuliko la wizi. Mwizi wa pensheni anajulikana kosa lake. Lakini mtu anadaiwa nini na wenziwe kwa sababu tu ya kuwa hai miongoni mwao? Je, kujulikana kwamba yupo ni haki yake, au ni fadhila ya jirani mwenye nafasi?

Mafakihi walilikabili jambo hili kabla ya madaftari ya serikali. Mtu aliyetoweka, asijulikane kama yu hai au amekufa, walimwita mafqud, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani hii, asili yake ni uhai. Mali yake hairithiwi mpaka upatikane ushahidi wa kifo chake, au upite muda ambao watu mfano wake hawaishi tena na kadhi atoe hukumu. Kwa mtazamo wa juu, karani wa Japani alifanya vivyo hivyo: hakupata habari za kifo, akaliacha jina. Tofauti ni kwamba kadhi ana jambo mbele yake, na mashahidi wa kuwauliza. Kumhesabu mtu kuwa hai huku anatafutwa ni kumlindia haki yake. Kumhesabu hai kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumuuliza ni jambo jingine kabisa, hata kama wino ni uleule.

Sasa na aulizwe mtu wa Mbezi Beach. Kitongoji hiki cha Kinondoni, baina ya barabara ya Bagamoyo na bahari, ni mahali pa kuta ndefu na mageti ya chuma. Mwaka 2022, kwa zoezi la anwani za makazi, nyumba zilibandikwa vibao vya namba. Na Agosti 23 ya mwaka huo ikawa siku ya sensa, Dar es Salaam ikapatikana na watu 5,383,728. Lakini sensa huhesabu waliolala, na kibao husema nyumba. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachosema kama bibi wa chumba cha uani bado anaweza kujibu jina lake.

Ulikuwapo wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mjumbe wa nyumba kumi, aliyewekwa na TANU miaka ya 1960, alijua nani amehamia, nani mgonjwa, nani kafiwa. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, balozi alibaki na chama chake, na watu wakakabidhiwa kwa serikali ya mtaa, yenye mwenyekiti, mtendaji na muhuri. Si haki, hata hivyo, kumlilia balozi kana kwamba alikuwa malaika. Jicho lililomwona mgonjwa lilimwona pia mgeni asiye na kazi, na wakati wa operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu walipokusanywa jijini na kupelekwa mashambani, kujulikana kulitisha. Ukuta wa Mbezi Beach haukujengwa kwa ajili ya wezi peke yao. Wengine waliujenga kwa kuchoka kutazamwa, na uchovu huo una haki yake.

Hebu basi msomaji amfikirie bibi mmoja wa kubuni, aliyetolewa kijijini Rufiji na mwanawe alipoanza kusahau. Asubuhi moja geti limeachwa wazi kupisha gari, naye akatoka. Mlinzi ni mpya, amemwona mara mbili tu. Mwana anakwenda ofisi ya serikali ya mtaa na picha ya harusini; mtendaji anafungua daftari, anapeleka kidole chini, jina halipo. Anauliza bibi ni mkazi tangu lini. Mwana anafikiri, anajibu kwamba si mkazi, alikuja kutembea. Lini? Mwaka wa sita huu.

Muuza samaki mwenye baiskeli, aliyesimama kivulini kwa shauri lake la leseni, anaiomba ile picha. "Huyu si bibi wa dagaa? Kila Jumatano huniita shangazi yake marehemu, nami humwitikia. Nimempita sasa hivi, anaelekea Tangi Bovu."