NI NANI ALIYEKUWA JIRANI YA MGONJWA?

Somo: Luka 10:25-37



Habari ya Msamaria tunaijua wote. Kuhani alipita, Mlawi akapita. Yule aliyedharauliwa ndiye aliyesimama, akafunga vidonda na kulipa gharama. Kisha Bwana Yesu aliuliza ni nani kati ya hao watatu aliyekuwa jirani. Leo tulisikie swali hilo kwa habari ya SIDA.

Mwaka 1981, kule Marekani, waganga waliandika juu ya vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na ugonjwa wa mapafu usio wa kawaida. Walikuwa wanaume wanaolala na wanaume. Wengine wengi wakaugua, zaidi sana New York na San Francisco. Hofu ikaingia. Hospitalini wafanyakazi wengine waliacha sahani ya chakula mlangoni, wakiogopa kuingia. Wahubiri wengine walisema ni pigo la Mungu. Kuna wazazi waliowakana watoto wao.

Basi, ni nani aliyesimama njiani? Ni wale wale waliodharauliwa. Januari 1982, wanaume sita wa New York walianzisha chama kiitwacho Gay Men's Health Crisis. Mwenzao mmoja alitoa simu ya nyumbani kwake ili watu waulize. Usiku wa kwanza ililia zaidi ya mara 100. Watu wa kujitolea walipewa wagonjwa wa kuwatunza: kuwapikia, kuwafulia, kuwapeleka kwa muganga, kukaa nao hata saa ya kufa. Walifundishana pia kujikinga, wakataja kondomu bila haya. Mwaka huohuo, tarehe 4 Julai, Terrence Higgins alikufa mjini London, na rafiki zake wakaanzisha kazi kama hiyo kwa jina lake.

Mtu asiseme ni habari ya Wazungu. Mwaka 1983, nchi yetu ikiitwa Zaire, waganga walitambua wagonjwa 38 wa SIDA katika hospitali za Kinshasa, wanaume na wanawake karibu sawasawa. Ugonjwa hauulizi mtu anampenda nani.

Kwa hiyo, wapendwa, tushike mambo matatu.

Kwanza, tusimfukuze mtu. Mzazi akimfukuza kijana kwa sababu anapenda wenzake wa jinsia yake, kijana atajificha. Anayejificha hapimwi. Asiyepimwa hatibiwi, na anaweza kuambukiza bila kujua.

Pili, tutunze siri. Anayepewa maono juu ya ugonjwa wa mtu asiyatangaze mbele ya mkutano. Amwite pembeni, amshauri akapimwe, na akiweza amsindikize.

Tatu, maombi na dawa vitembee pamoja. Nabii asimwambie mtu aache vidonge. Tangu mwaka 1996 dawa zilizounganishwa zimewainua wengi waliokuwa karibu na kaburi. Anayemeza kila siku, mpaka kipimo kisione tena virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenzake wanapolala pamoja. Mama mwenye mimba akimeza anamkinga mtoto wake. Na aliyebakwa akimbilie kituo cha afya mara moja, kabla saa 72 hazijapita, kwa maana iko dawa ya kuzuia.

Wengine watauliza: Shemasi, je, maisha ya watu hao? Ndugu, yule aliyelala njiani hakuulizwa alitoka wapi wala alitenda nini. Alifungwa vidonda.

Wiki hii kila kikundi, cha wamama, cha mababa na cha vijana, kimtafute mgonjwa mmoja aliyeachwa. Kiende na unga na sabuni, kiketi naye, kimshike mkono. Bwana atakapouliza jirani alikuwa nani, tuwe na jibu.

Mungu awabariki. Amina.

Shemasi wenu