Ridhaa na Kujitolea

Bondia anayepigana bila malipo, Kiswahili kinamwita bondia wa ridhaa. Mwenzake ni wa kulipwa. Na mtu aliyefanya mtihani, akapewa leseni, akafunga waya juu ya bati la nyumba yake ili aongee na watu wa Brazili au Urusi kwa mapenzi yake tu, naye tunaweza kumwita mwanaredio wa ridhaa. Waingereza na Wafaransa hapo wanatumia neno lililotoka kwenye Kilatini, ambalo ndani yake mna kupenda. Sisi tumechukua la Kiarabu, ambalo ndani yake mna kukubali. Nadhani sisi ndio tuliolenga. Mtu anaweza kuipenda kazi na bado akawa ameburutwa kuifanya.

Neno hili limenikaa kichwani tangu niliposoma habari za Tevis Cup, safari ya farasi ya kule California. Huku Mkwajuni farasi ni mnyama wa kwenye picha. Tunajua ng'ombe na punda, na tunajua ndorobo, ambaye ugonjwa wake ndio uliowanyima farasi nafasi katika sehemu kubwa ya nchi hii. Kwa hiyo nilisoma kama mtu anayesoma hadithi.

Safari yenyewe iko hivi. Mwaka 1955 bwana mmoja wa mji wa Auburn, Wendell Robie, alipanda farasi na wenzake wachache kuvuka milima ya Sierra Nevada, maili 100, yaani kama kilomita 160, ndani ya siku moja. Mpaka leo watu wanafuata nyayo zao. Wanaondoka alfajiri, wanapita makorongo yenye joto kali, na wengi wanaingia Auburn usiku wa manane. Njiani daktari wa mifugo anapima mapigo ya moyo ya farasi, na asiporidhika safari inaishia hapo. Miaka mingi karibu nusu ya walioondoka hawafiki. Anayefika ndani ya saa 24, farasi akiwa mzima, anapewa bakoli ya mkanda ya fedha, basi. Hakuna zawadi ya pesa.

Ndani ya yale makorongo simu haishiki, na hapo ndipo wanaingia wanaredio wa ridhaa. Mmoja anakaa kituo hiki, mwingine kile, kila mmoja na betri yake na daftari lake. Farasi anapita, anaandika namba na saa, anaituma kituo kikuu. Hiyo ndiyo kazi, usiku kucha. Ila fikiria maana yake. Tuseme namba 47 imeandikwa kituo cha tano na haijaonekana cha sita, na muda umepita. Kule gizani kuna mtu ameanguka, au farasi amechechemea, na wa kwanza kujua ni huyu mwenye daftari, ambaye hamjui mpandaji wala hatamwona tena. Sisi ambao wazee wetu wanaikumbuka redio upepo ya misheni na ya polisi, hatuhitaji kuelezwa sauti moja hewani ina uzito gani.

Kilichonishika zaidi ni sheria. Kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, zinamtaja mwanaredio wa ridhaa kuwa ni mtu anayefanya kwa lengo lake binafsi, bila maslahi ya fedha. Hata hapa kwetu yupo, ana leseni ya TCRA na jina la hewani linaloanza na 5H. Kanuni za Marekani zinaongeza jambo ambalo nililisoma mara mbili: mawimbi ya ridhaa hayaruhusiwi kutumika mara kwa mara kwa mawasiliano ambayo yangeweza kupatikana kwa njia nyingine za redio. Yaani kampuni isiseme, hawa jamaa wanafanya bure, ya nini tununue huduma? Sheria hiyo inakataa zawadi isiuzwe, na hapohapo inakataa mtu mwingine asitajirike kwa zawadi hiyo.

Sasa rudi nami Mkwajuni. Neno kujitolea hapa tunalisikia kila siku, lakini si kwa maana hiyo. Binti wa jirani yangu ana stashahada ya ualimu. Anajitolea. Ukiuliza mwaka wa ngapi, anacheka kwanza. Ana darasa lake, ana vipindi vyake, anasahihisha madaftari usiku kama walimu wengine. Tofauti ni mwisho wa mwezi. Wazazi wakichanga wanampa kidogo. Wasipochanga anashukuru Mungu. Anaendelea kwa sababu ameambiwa ajira zikitoka, uzoefu utamsaidia. Hivi hiyo nayo ni ridhaa?

Kuna watakaosema shida ni umaskini, kwamba kujitolea ni anasa ya walioshiba. Sikubali. Msibani maskini anachimba kaburi, anachota maji, anakesha, na hakuna anayemwita mnyonywaji. Msiba una mwisho, na kesho ukiwa wako nao watakuja. Hakuna aliyekaa pembeni akiokoa mshahara kwa jasho la wachimba kaburi.

Wengine watasema, si aache tu? Hilo ndilo gumu. Akiacha, wale watoto hawana mwalimu, na yeye anawajua kwa majina. Hata mwanaredio wa korongoni hawezi kuondoka saa sita usiku eti usingizi umemzidi, namba 47 bado iko njiani. Ukishakubali, umefungwa, na ni vizuri iwe hivyo. Ridhaa haina maana ya kuondoka unapotaka. Inakaa mwanzoni: uliulizwa, ungeweza kusema hapana bila kupoteza chakula chako, na uliambiwa kazi inaisha lini. Mwanaredio alijua ni saa 24. Binti huyu hakuambiwa. Kilichomfunga ni wema wake mwenyewe, na wema wa mtu ukigeuzwa kuwa kamba ya kumfungia, aliyeishika kamba hawezi kumsifu kwa uzalendo.

Ndiyo maana sifa zetu kwa wanaojitolea zinanitia wasiwasi. Tunawapigia makofi kwenye mahafali, tunawapa cheti, mgeni rasmi anasema vijana igeni mfano huu. Makofi yanatupumzisha sisi. Neno lenyewe linatuonya: kujitolea ni kutoa kilicho chako. Miaka ya mtu ambaye hana njia nyingine, hiyo anakuwa ametolewa na wengine.

Sisemi tuache. Shule, zahanati na misikiti na makanisa yetu yangeanguka kesho. Nasema kabla ya kumwambia kijana ajitolee, tumuulize na tujiulize: anaweza kukataa? Mwisho ni lini? Na kama yeye asingekuwepo, ni nani angepaswa kulipa? Jibu la swali la tatu likiwa lipo, linajulikana, na ofisi yake ina mlango, basi kabla ya kumshukuru kijana twende kwanza tukaugonge mlango huo.