Jirani ana njaa na wewe hujui: Je, umesalimika?

Kila mtu ana chakula cha utotoni ambacho hakuna hoteli inayoweza kukipika. Changu mimi ni ugali wa unga wa yanga na maharage ya nazi, kama alivyopika mama yangu hapa Sinza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa yanga ni nini. Kwa vijana, huo ni unga wa mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo wakati wa uhaba, watu wakaupa jina la klabu kwa sababu ya rangi yake. Ndiyo miaka ya foleni za sukari, sabuni na mafuta ya kupikia.

Maharage yale yalikuwa na siri moja. Mama alikuna nazi moja tu, akakamua tui zito, akakamua la pili, kisha machicha yale yale akayatia maji mara ya tatu. Mchuzi ukawa mwingi na mwepesi. Kabla sisi watoto hatujakaa mkekani kuzunguka sinia, alichota bakuli moja, akalifunika kwa kawa, akaniambia: "Mpelekee mama mwenzangu." Huyo alikuwa jirani yetu, mjane, Mkristo kutoka Mbeya, mwenye watoto wanne. Kati ya kwake na kwetu palikuwa na uzio wa minyaa tu.

Nakiri kwamba nilikuwa nachukia. Niliona shibe yangu inakwenda kwa wengine. Siku moja nikamwuliza baba kwa nini tunagawa na sisi wenyewe hakitutoshi. Akanijibu: "Umelala njaa lini, mwanangu?" Nikanyamaza, maana sikuwahi.

Bakuli lile halikuwa likirudi tupu. Lilirudi na fungu la mchicha, ndizi mbili, au hata limau. Kisha ikaja siku likarudi limeoshwa vizuri, lakini tupu. Mama alilitazama kwa muda, akamwambia baba kwa sauti ndogo: "Baba watoto, kule hakuna kitu." Jioni ile nikatumwa tena, safari hii na kibaba cha unga. Hakuna aliyeomba, wala hakuna aliyechungulia. Bakuli ndilo lililotoa habari.

Sasa tuitazame Sinza ya leo. Mtaa huu ulipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ili watu wa kipato cha kawaida wapate pa kujenga. Minyaa imeng'olewa. Tumejenga kuta, juu tumepanda vipande vya chupa, mbele tumeweka mageti ya chuma. Mwaka 2020, wakati wa korona, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alipoteza kibarua chake cha hotelini. Wanawe wakawa wanashinda kwa uji. Nilikuja kupata habari hizo baada ya miezi minne, tena kwa kijana wa bodaboda. Miezi yote hiyo kwangu tulikuwa tukimwaga wali uliolala.

Ndugu msomaji, hapa ndipo swali langu lilipo. Katika riwaya aliyoipokea At-Tabarani kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), Mtume (s.a.w.) anakanusha imani ya mtu anayelala ameshiba na jirani wa ubavuni mwake ana njaa, naye anajua. Naye anajua! Kwa muda nilijifariji kwa neno hilo. Mimi sikujua, basi sina dhima.

Lakini je, ni kweli? Kuna kutojua kunakompata mtu, na kuna kutojua ambako mtu amekujenga mwenyewe kwa tofali na saruji. Mwenye kuziba masikio hawezi kudai kwamba hakuitwa.

Wapo watakaosema kuta ni kwa ajili ya wezi, na wezi wapo kweli. Wengine watasema tunatoka alfajiri na kurudi usiku kwa sababu ya foleni za barabarani. Wengine watakumbusha kwamba Qur'an, katika Surat Al-Hujurat, imetukataza kupelelezana. Hoja zote hizi ni za haki. Ukuta si haramu, na kumchunguza jirani si ibada.

Ila bakuli la mama halikuwa upelelezi. Lilitoa kwanza, ndipo likajua. Bibi Aisha (r.a.) alipouliza ampe nani zawadi kati ya majirani wawili, kama alivyopokea Bukhari, aliambiwa ampe yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Hakuambiwa afanye uchunguzi wa nani masikini. Na Abu Dharr (r.a.), katika Sahih Muslim, aliusiwa azidishe maji katika mchuzi na kuwakumbuka majirani. Maji! Hakutakiwa kuwanyima wanawe nyama. Ndiyo maana baba aliweza kuniuliza nililala njaa lini.

Kwa hiyo jibu langu, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, ni kwamba sikusalimika. Mtu anaweza kubaki na ukuta wake, lakini akishaujenga anadaiwa njia nyingine ya kupata habari za aliye upande wa pili.

Ijumaa iliyopita mke wangu alipika maharage ya nazi. Nilimpa mwanangu bakuli alipeleke geti la pili. Aliondoka amenuna, kama nilivyokuwa nikinuna mimi. Wewe msomaji, nyumba iliyo mkono wako wa kulia, jana usiku walikula nini?