Kitanda cha zamani na meza ya komande: faida gani iliyo ya haki?

Hapa kwetu Kashebere menizye ana njia mbili za kupata pesa. Ya kwanza ni komande: mtu anakuja na kipimo cha meza yake, anaacha avansi, fundi anatafuta mbao. Ya pili ni kununua kitanda ao kabati iliyochoka, kubadilisha mguu uliooza, kupiga rabo na verni, halafu kuuza. Watu wanaheshimu ile ya kwanza. Ya pili wanaicheka, eti ni kazi ya viraka.

Mimi sikubali. Kabati ya zamani ni mbao ya pori iliyokauka miaka mingi, haijipindi tena. Komande ya leo mara nyingi ni mkaratusi uliopasuliwa juzi: ikikauka nyumbani kwa mwenyewe inapasuka, mlango unakataa kufunga, na avansi ilishaliwa. Tena, mteja akidai mvule, ni lazima mti uanguke Walikale. Sheria ya misitu ya 29 Agosti 2002 inadai ruhusa ya kukata, lakini nani kati yetu aliuliza menizye karatasi ya mbao yake? Kitanda cha kutengeneza upya hakiangushi mti.

Wala komande si safi ju tu mtu ameagiza. Katika hadithi ya Mwindo, ambayo Shé-Karisi Rureke, Mnyanga, alimsimulia Biebuyck mwaka 1956, Shemwindo aliagiza mti ukatwe, ngoma itengenezwe. Ilitengenezwa vizuri. Ndani yake wakamfungia mtoto wake mwenyewe na kumtupa mtoni.

Lakini neno gumu liko upande wa vitu vya zamani, na hapo wenye kucheka wangepaswa kunyamaza na kufikiri. Tangu vita ya 1993 katika Masisi, watu wetu wamekimbia mara ngapi? Mtu anayekimbia habebi kabati. Anaiuza jioni kwa bei ya unga wa safari. Fundi anaipaka verni, kesho kutwa anaiuza mara tano. Ukimuuliza anajibu: «Nilinunua, sikuiba.» Ni kweli. Ila katika zile tano, moja ni bei aliyotoa, moja tuseme ni jasho na verni. Zinazobaki zimetoka wapi, kama si katika woga wa jirani?

Mlango unaoletwa usiku, misumari ikiwa bado inaning'inia, huo hauhitaji mjadala: fundi aukatae. Nazungumzia kile kilichouzwa na mwenyewe. Naona fundi angekiandika jina, na mwenye kitu akirudi, amrudishie kwa bei ile ile pamoja na malipo ya kazi. Wataniambia fundi naye ana watoto wa shule, pesa yake haiwezi kulala mwaka mzima ikingojea mtu ambaye pengine hatarudi. Hapo sina jibu kamili. Miezi sita? Wazee wakae waseme.

Najua kijana mmoja aliyerudi akakuta kiti cha marehemu baba yake kwa fundi, bado hakijaguswa. Fundi alimhesabia bei aliyonunulia, mguu mmoja mpya na misumari. Kijana alilipa, akaomba tu rabo isipite pale mikono ya mzee ilipokuwa inalala.