Uwezo wa Mtoto Ulitoka Wapi?

Nafundisha baiolojia katika shule ya bweni karibu na Eldoret, yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, nami ni mzaliwa wa Mombasa. Kila muhula wa kwanza hutujia vijana kutoka Pwani. Wiki za mwanzo huhema wakipanda ngazi, na kwenye mbio za nyika huachwa mbali na watoto wa huku milimani, wa Iten na Kapsowar. Huyu aliyeachwa huitwa mvivu, na yule aliyeshinda husifiwa kuwa ana moyo. Hukumu hizo hunichoma, maana tunagawa lawama na sifa kana kwamba tumekabidhiwa mizani ya Kiyama.

Hewa ya Eldoret ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Kilindini kwetu Mombasa. Kilichopungua ni mgandamizo wake, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano. Mtu mzima akihamia huku juu, damu yake huongeza chembe nyekundu, lakini kifua chake hakikui tena. Mtoto ana nafasi zaidi. Miaka ya 1970, mwanaanthropolojia Roberto Frisancho alionyesha huko Peru kwamba watu wa mabondeni waliopandishwa milima ya Andes wangali wanakua walipata mapafu yenye ujazo kama wa wenyeji. Waliopanda wakiwa watu wazima hawakuupata.

Aya ya mwisho ya Surat Al-Baqara inatufundisha kwamba mtu hatwikwi mzigo unaozidi uwezo wake. Nimeisoma tangu chuoni nikiwa mdogo, na bado hunituliza. Lakini uwezo wenyewe hutoka wapi? Kijana wa miaka 14 hakuchagua mwinuko aliolelewa. Mahali ndipo palipomjengea kifua, na mahali hapo palichaguliwa na mzazi, au na kazi, au na ukame uliowahamisha. Anayeamka alfajiri kufanya mazoezi ana haki ya jasho lake, sikatai. Kifua alikikuta.

Wapo wanaonijibu kwamba yote ni kudra, basi tunyamaze. Muumba ni Mungu, sina shaka. Ila naamini ametuachia sehemu ya malezi ya miili hii, na kwa sehemu hiyo tutaulizwa. Mapafu yanayokuzwa na mlima ndiyo hayohayo yanayodumazwa na moshi. Huku kwetu usiku ni baridi kali. Watu hufunga madirisha, kuni zikawaka ndani, na watoto wakalala humo humo. Mlima tuliukuta, lakini moshi huo tunauwasha wenyewe.

Walimu wenzangu, mpeni mgeni muda azoee hewa kabla ya kumwita mvivu. Nanyi wazazi, hamisheni mafiga kutoka chumba anacholala mtoto. Na kama chumba ni hicho kimoja, toboeni ukuta juu ya jiko moshi upate pa kutokea.